Majibu ya homoni yasiyotaja siku ni hesabu isiyotaja sarafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wanandoa wengi hulijadili chumbani tu, na hata wanapolipeleka hospitali hulipeleka kwa sauti ya chini. Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Tanga, na mke wangu ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wetu wa saba katika ndoa na hatujajaaliwa mtoto. Majirani humwita mke wangu kwa jina la mtoto wa dada yake, kwa kuwa mtaani kwetu mwanamke mtu mzima haitwi jina lake hivi hivi; sharti awe mama wa mtu. Siandiki kuomba huruma kwa hilo. Ninaandika kuhusu karatasi, yaani karatasi za majibu ya maabara na fomu za bima, ambazo nimezihifadhi zote katika faili moja kama ninavyohifadhi hati za malipo kazini.

Ninachokitaka ni hiki: uchunguzi wa awali wa ugumba, kwa mume na kwa mke, ugharamiwe na bima ya afya, na maabara zilazimike kuandika majibu ya homoni kwa namna isiyompotosha anayeyapokea. Huenda msomaji akaona haya ni madai mawili yanayohusu idara mbili tofauti. Kwangu ni dai moja, nami nililielewa hivyo baada ya kupoteza fedha nyingi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linahesabu kuwa kuna ugumba pale mwanamume na mwanamke wanapokutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba isitunge. Madaktari wengi humshauri mwanamke aliyepita umri wa miaka 35 asisubiri mwaka mzima, bali aanze kuchunguzwa baada ya miezi sita. Sisi tulisubiri miezi 14, kisha tukaenda katika hospitali moja tukiwa na kadi ya bima ambayo mwajiri wangu na mimi tunaichangia. Daktari alimsikiliza mke wangu kwa dakika chache, akaandika kwenye fomu maneno mawili, "homoni zote", akatuelekeza kwenye dirisha la bima. Kijana wa pale dirishani aliingiza namba kwenye kompyuta, akasubiri, akatikisa kichwa. "Kaka, hiki hakipiti," aliniambia. "Kikiandikwa ni cha kutafuta mtoto, mfumo unakataa wenyewe."

Nilirudi nyumbani nikakisoma kijitabu cha bima, ambacho nakiri kuwa sikuwa nimekifungua tangu nikabidhiwe. Katika orodha ya mambo yasiyogharamiwa, ugumba ulikuwa umewekwa kati ya upasuaji wa urembo na majeraha yatokanayo na mashindano ya magari. Nilicheka, maana sikuona la kufanya zaidi. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, toleo la 10, ugumba wa mwanamke una alama yake, N97, na ugumba wa mwanamume una alama yake, N46. Mezani pa daktari, basi, huu ni ugonjwa wenye namba kama ilivyo malaria au kisukari; ukifika dirishani unageuka anasa.

Tukangoja mshahara. Naomba msomaji asipite hapa haraka, kwa sababu jambo lote ninalolizungumzia limo katika kungoja huko. Mshahara uliingia tarehe 26, na siku hiyo ilikuwa siku ya tisa tangu mke wangu aanze hedhi. Hakuna aliyetueleza kuwa siku hiyo ina maana yoyote. Tulikwenda na fedha mkononi, damu ikachukuliwa mara moja kwa vipimo vyote, kwa kuwa tuliona ni nafuu kulipia safari moja kuliko tatu. Jioni tukapewa majibu. Kwenye karatasi palikuwa na sehemu iliyoandikwa "Siku ya mzunguko", na mbele yake nukta tupu ambazo hakuna aliyezijaza. Projesteroni ilisoma 0.6, na pembeni yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu herufi moja, L, kumaanisha kwamba iko chini.

Ilikuwa chini, ndiyo, kama inavyopaswa kuwa kwa kila mwanamke mwenye afya katika siku ya tisa. Projesteroni hutengenezwa kwa wingi na kile kifuko kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, hivyo kabla ya yai kutoka haina sababu ya kupanda. Kipimo hiki huchukuliwa takriban siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, na lengo lake ni kujua kama yai lilitoka mwezi huo. Kikizidi nanogramu 3 kwa mililita, huo ni ushahidi mzuri kuwa lilitoka. Watu wamezoea kuiita siku ya 21, na wengine hutumwa maabara siku ya 21 bila kuulizwa swali lolote, ilhali 21 ni ya mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Mke wangu mzunguko wake ni wa siku 33. Siku yake ni ya 26. FSH, homoni ya kukuza mayai, na estradioli, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, nazo zina nyakati zake, yaani siku ya pili hadi ya tano ya hedhi. FSH hupanda pia kwa muda mfupi katikati ya mzunguko, na mwanamke aliyepimwa siku hiyo anaweza kuambiwa kuwa mayai yake yanakwisha wakati ndiyo kwanza yai linajiandaa kutoka. Kwa hiyo "homoni zote" katika siku moja ni agizo ambalo, hata maabara ikilitekeleza kwa uangalifu mkubwa, litazaa walau jibu moja lisilo na maana.

Haya nimeyajua baadaye. Jioni ile tulichokijua ni ile herufi nyekundu. Mke wangu aliipiga picha karatasi akamtumia mwanamke mmoja anayeuza dawa kwa WhatsApp, na jibu lilifika kabla chai haijapoa: homoni zimevurugika, kizazi kinahitaji kusafishwa, chupa tatu, shilingi 180,000, na punguzo kwa atakayelipa leo. Tulilipa. Sina ugomvi na tiba asili, na nchi yetu ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002; ila mtu anayesoma majibu ya maabara kwa picha ya simu, bila kuuliza damu ilichukuliwa siku gani, hatibu chochote. Nalaumu pia karatasi iliyomwezesha. Ingekuwa imeandikwa "siku ya 9, kiwango cha kawaida kwa siku hiyo", muuzaji angekosa pa kuanzia.

Baada ya miezi kadhaa tukapata lingine. Katika majibu yale ya kwanza, prolaktini, ambayo ni homoni ya maziwa na ambayo ikizidi sana huweza kuzuia yai lisitoke, ilikuwa 38. Tuliambiwa iko juu kidogo, irudiwe. Tukasubiri tena fedha, tukaenda maabara nyingine iliyokuwa na bei nafuu, na jibu likatoka 410. Mke wangu alilisoma akiwa amesimama kituoni, akakaa chini kwenye ukingo wa barabara na mkoba wake mapajani, akasema, "Imepanda mara kumi." Nami, ambaye kazi yangu ni tarakimu, nilikubali kuwa imepanda mara kumi. Kwa wiki mbili tulilala na wazo la uvimbe kichwani, kwa sababu tulikuwa tumesoma mahali kuwa prolaktini kubwa huweza kutokana na uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo.

Aliyetutoa katika hofu hiyo ni mzee mmoja mstaafu wa maabara, jirani wa shemeji yangu. Alivaa miwani, akaziweka karatasi mbili sambamba, akaweka kidole kwenye herufi ndogo zilizofuata namba. "Mwanangu," alisema, "hapa mmesoma shilingi mkidhani ni dola." Maabara ya kwanza iliandika kwa nanogramu kwa mililita, na ya pili kwa mili-yuniti za kimataifa kwa lita. Nanogramu moja ya prolaktini kwa mililita ni sawa na takriban mili-yuniti 21 kwa lita. Ile 410 ilikuwa kama 19 au 20 kwa kipimo cha kwanza, yaani imeshuka karibu nusu, na iko katika kiwango cha kawaida. Kisha akamwuliza mke wangu swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza: siku ile ya kwanza alikuwa ametumia dawa gani? Alikuwa ametumia Plasil kwa kichefuchefu, siku mbili mfululizo, na asubuhi ile alikuwa amekimbilia daladala. Dawa ile hupandisha prolaktini, na mwili uliohangaika au kuogopa huipandisha pia. Ndiyo maana mtu anatakiwa kupumzika kwanza kabla ya kutolewa damu ya kipimo hiki.

Katika fani yangu, mtu akiandika kiasi bila kutaja sarafu, hati hiyo inarudishwa. Katika maabara zetu sarafu huandikwa, lakini kwa herufi ambazo mgonjwa hajafundishwa kuzitazama, na maabara mbili zilizo mitaa miwili tofauti zinaweza kutumia mbili tofauti bila onyo lolote. Projesteroni ya 3 kwa nanogramu ni kama 9.5 kwa nanomoli kwa lita. AMH, homoni ya ovari nitakayoieleza hapa chini, ya 1 kwa nanogramu ni kama 7 kwa pikomoli kwa lita. Wangapi wamefurahi au kulia kwa sababu ya mabadiliko ya namna hii?

Nimeitaja AMH, na naomba niiseme kidogo kwa sababu inanunuliwa sana mjini na wasichana walio mbali hata na ndoa, kwa jina la "kipimo cha akiba ya mayai". Uzuri wake ni kwamba kinaweza kupimwa siku yoyote ya mzunguko. Kinamsaidia daktari kukadiria ovari zitaitikiaje sindano za kukuza mayai, kwa mfano kabla ya upandikizaji mimba. Hakimwambii mwanamke kama atashika mimba mwezi huu kwa njia ya kawaida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, kwa wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, haukuona kuwa wenye AMH ndogo walichelewa kupata mimba kuliko wenzao. Vidonge vya uzazi wa mpango huishusha kwa muda. Binti anayelipia kipimo hiki akiwa bado anameza vidonge, kisha akaambiwa kuwa mayai yake "yamebaki machache", ameuziwa usingizi wake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye bima. Daktari wa pili tuliyemwona alikuwa mwema, na wema wake ndio uliotuletea tatizo jingine. Alipoona hatuna uwezo, alisema angetusaidia ili altrasaundi ipite, akaandika kwenye fomu kuwa mke wangu ana maambukizi katika via vya uzazi. Kipimo kikapita mara moja. Pamoja nacho zikapita dawa za kuua bakteria za wiki mbili, kwa sababu ugonjwa ulioandikwa unatakiwa kutibiwa, na mke wangu akazimeza zote kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Mwaka uliofuata daktari mwingine alifungua faili, akasoma maambukizi yale, akaanza kutuhoji kwa muda mrefu juu ya magonjwa ya zinaa, maana klamidia na kisonono huweza kuharibu mirija, na kuharibika kwa mirija ni miongoni mwa sababu kubwa za ugumba katika nchi zetu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi na mke wangu tulitazamana, kila mmoja akijua kuwa mwenzake anajiuliza. Sitaki kumlaumu yule daktari mwema. Nalaumu utaratibu unaomfanya daktari aandike uongo ili mgonjwa apimwe, kisha uongo huo ukakaa ndani ya faili kama kumbukumbu ya kweli ya afya yake.

Halafu kuna mimi. Miaka mitatu ilipita, mke wangu akiwa ametolewa damu mara nane na kupigwa ile picha ya eksirei ya mirija ambayo wengi huijua kwa herufi HSG, na ambayo alirudi nayo nyumbani akiwa amejikunja kwa maumivu, kabla daktari wa nne hajanigeukia mimi na kuniuliza, "Na wewe mzee, umepimwa?" Sikuwa nimepimwa. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, na kwa kweli sikutaka kuulizwa. Mchango wa mwanamume huonekana katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, na kipimo chake cha kwanza ni cha bei ndogo kuliko karibu vyote alivyofanyiwa mke wangu. Nililipa shilingi 30,000, nusu ya bei ya chupa moja ya zile dawa.

Maelekezo yake ni rahisi na yanastahili kufuatwa: kujizuia kwa siku mbili hadi saba, kutumia chombo safi kilichotolewa na maabara, na kufikisha sampuli ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Niliibeba ndani ya mfuko wa shati, chini ya koti, juu ya bodaboda kutoka Makorora hadi mjini, nikimwomba dereva asikimbize na pia asichelewe, naye akaniuliza kama nina mgonjwa. Majibu yalionyesha mbegu milioni 9 kwa mililita. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataja milioni 16 kuwa kiwango cha chini cha rejea, na mbegu zinazotembea ziwe walau asilimia 42. Aliye chini ya hapo hajahukumiwa kuwa mgumba, kwa kuwa hicho ni kiwango kilichotokana na wanaume waliokwisha kupata watoto, na wapo waliopata wakiwa chini yake. Homa kali, ikiwemo ya malaria, huweza kuzipunguza kwa wiki kadhaa. Sindano za testosteroni wanazodungwa vijana wa mazoezi ili watune misuli hufanya vivyo hivyo, kwa sababu ubongo ukiona homoni hiyo inatoka nje huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Utengenezaji wa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili, ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi. Nilirudia, ikawa milioni 11. Nikapelekwa kwa bingwa, akanigusa kwa dakika moja akakuta mishipa ya korodani ya upande wa kushoto imevimba.

Hapa ndipo nilipoamua kuandika barua hii. Upasuaji wa mishipa ile ulilipiwa na bima, wote, bila swali, kwa sababu una jina na alama yake. Kipimo cha shilingi 30,000 kilichosababisha ujulikane hakikulipiwa, kwa sababu kilikuwa "cha kutafuta mtoto". Kampuni ya bima ilikubali kulipa mamia ya maelfu mwishoni na ilikataa elfu thelathini mwanzoni. Mhasibu yeyote angeitilia shaka hesabu ya namna hiyo.

Najua wanachosema watu wa bima, na sehemu yake ni kweli. Wanasema upandikizaji mimba unagharimu mamilioni kwa jaribio moja na hauna uhakika, na mfuko ukiubeba utafilisika na kumwacha mgonjwa wa figo bila huduma. Nakubali. Sidai upandikizaji ulipiwe leo. Ninadai ugonjwa ujulikane, kwa sababu wengi wakijua tatizo lao mapema hawafiki huko kabisa: wengine wana tezi ya thairoidi iliyolegea inayotibiwa kwa kidonge cha kila siku, wengine yai halitoki na kuna dawa za kumeza za kulitoa, wengine mume ndiye anayehitaji tiba. Hoja ya pili husemwa kwa sauti ndogo zaidi, kwamba nchi hii haina upungufu wa watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8. Lakini wastani ni mchezo wa tarakimu, na mimi naujua mchezo huo: jirani mwenye watoto tisa na sisi tusio na mtoto, kwa pamoja tuna wastani mzuri kabisa. WHO ilieleza mwaka 2023 kuwa takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na ugumba katika maisha yake, na Novemba 2025 ikatoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu kuuzuia, kuuchunguza na kuutibu. Haiwezekani jambo la mtu mmoja kati ya sita likae pamoja na mashindano ya magari.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kila kitita cha mafao kinapopangwa au kupitiwa upya, naomba wahusika waweke humo uchunguzi wa awali wa wanandoa, tena kwa maandishi yanayobana, kwa sababu sitaki kuwapa hospitali mlango wa kuandika "homoni zote" kwa kila anayeingia. Uanze na mume na mke siku moja, na kipimo cha mbegu kitangulie picha ya mirija. Projesteroni ilipwe mara moja katika siku inayolingana na mzunguko wa mwanamke, na siku hiyo iandikwe kwenye dai. TSH, yaani homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi, na prolaktini zilipwe pale dalili zinapozidai, mathalani hedhi isiyotabirika au maziwa kutoka kwa asiyenyonyesha. Altrasaundi iwemo, na HSG ifuate pale mengine yanapokuwa yamejulikana. Ninachokiomba ni orodha fupi, na nina hakika ni fupi kuliko ile ambayo mke wangu amekwisha kupitia. Kwa kampuni binafsi za bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina uwezo wa kuzitaka zitenganishe katika mikataba yao uchunguzi wa ugumba na matibabu yake makubwa, badala ya kuvifungia vyote katika neno moja la kukataa. Mwenye kadi asiyeridhika na kampuni yake ajue pia kuwa yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima; mimi sikulijua hilo mpaka mwaka jana.

Kuhusu maabara, naomba Bodi ya Maabara Binafsi za Afya na wizara wafikirie jambo lisilogharimu chochote isipokuwa wino. Karatasi ya homoni za uzazi isitoke ikiwa siku ya mzunguko haijajazwa. Kiwango cha kawaida kinachochapwa pembeni kiwe cha siku hiyo. Kipimio, yaani ile nanogramu au yuniti inayofuata namba, kiandikwe kwa maneno, na panapowezekana kwa vipimio vyote viwili. Anayetoa damu aulize dawa na virutubisho anavyotumia mtu, vikiwemo vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini kwa wingi, ambavyo huweza kuchezea majibu ya baadhi ya mashine, yakapanda au kushuka bila mwili kubadilika. Maswali haya hayachukui dakika mbili. Yule mzee mstaafu aliyauliza yote akiwa amekaa kibarazani, bila mashine, bila malipo, na kikombe cha kahawa mkononi.

Faili langu hadi leo lina risiti 23 za vipimo, jumla shilingi 1,640,000, na kati ya hizo nimezitia alama zenye thamani ya shilingi 890,000 kuwa za vipimo vilivyorudiwa kwa sababu ya siku isiyo yake au kipimio kisichoeleweka. Zile za chupa hazina risiti. Niko tayari kuzitoa nakala, majina yakiwa yamefichwa, kwa yeyote mwenye dhamana ya kupanga mafao anayetaka kuziona. Mimi nimebakiza kipimo kimoja cha baada ya upasuaji. Mke wangu anarudia projesteroni mwezi huu, na siku yake ya 26 inaangukia Jumatano ijayo. Mshahara unaingia Ijumaa. Jana amekopa kwenye kikoba chake, ili safari hii siku isitupite.

Wako,
Msomaji wa Tanga
(Jina na anwani vimehifadhiwa na Mhariri)